Nimemwita mwenyekiti mwizi na mbwa kwenye grupu. Je, nitafungwa?

SWALI: Shikamoo wakili. Nina miaka 34, nauza vitenge hapa Morogoro mjini. Mtaani kwetu tulichangishwa shilingi 20,000 kila kaya kwa ajili ya kisima. Miezi minane imepita, kisima hakuna. Usiku mmoja nikiwa na hasira niliandika kwenye grupu la WhatsApp la mtaa, lina watu 180: "Mwenyekiti amekula hela zetu za kisima, mbwa yule, na si ajabu, watu wa kabila lake ndivyo walivyo." Nikabandika na picha yake. Jirani akajibu "tumfuate kwake usiku huu huu", nikamwekea dole gumba. Mwingine akapiga skrinishoti akaipeleka Facebook. Sasa polisi wamenipigia simu, Jumatatu niripoti kituoni. Mume wangu anasema nisiogope, Katiba inatupa uhuru wa maoni. Dada yangu anasema nifute kila kitu kwenye simu, kisha niandike kwamba nilidanganya, niombe radhi yaishe. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza usifute kitu na usiandike kitu mpaka umalize kusoma hapa. Mume wako amekosea kidogo. Dada yako, kwa mapenzi yote aliyonayo kwako, anakupeleka pabaya zaidi ya ulipo.

Mume wako ameisoma Ibara ya 18 ya Katiba yetu ya mwaka 1977 akafunga kitabu. Ibara hiyo kweli inasema kila mtu ana uhuru wa kuwa na maoni na kueleza fikra zake, na wala haisemi kwamba maoni lazima yawe ya adabu. Lakini angefungua kurasa chache mbele angeikuta Ibara ya 30, inayosema haki hizi hazitumiki kwa namna ya kuvuruga haki za wengine au maslahi ya umma, na kwamba Bunge linaweza kutunga sheria za kulinda sifa na haki za watu wengine. Ukisimama mbele ya hakimu ukasema "Ibara ya 18", mwendesha mashtaka atasema "Ibara ya 30", na hapo mtakuwa mmetoshana nguvu. Kesi haitaamuliwa kwa ibara hizo. Itaamuliwa kwa maneno yako yenyewe, neno kwa neno.

Basi tuipasue sentensi yako kama samaki, tuone mwiba uko wapi. Ina vipande vitatu, na kila kimoja kina uzito wake. Nikikuuliza wewe, utaniambia kibaya kuliko vyote ni "mbwa". Nadhani hata mwenyekiti, alipokwenda kulalamika, alianza na hilo la mbwa.

Kisheria hilo ndilo jepesi. Hakuna mtu aliyesoma ujumbe wako akaamini kwamba mwenyekiti ana miguu minne. Ni tusi, linaumiza, lakini halidai jambo lolote linaloweza kuwa kweli au uongo. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 89, inalo kosa la kumtolea mtu lugha ya matusi kwa namna inayoweza kuvunja amani, na adhabu yake ni kifungo cha hadi miezi 6. Ndilo kosa linalojaza mahakama za mwanzo kwa ugomvi wa bombani na wa vilabuni. Mtandaoni kuna jipya: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 23, inakataza kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumlazimisha, kumtisha, kumsumbua au kumuumiza moyo. Hapo mambo yanakuwa mazito, kwa sababu faini yake inaanzia shilingi milioni 5 au kifungo kinaanzia miaka 3. Hukuniambia kama mwenyekiti mwenyewe yumo kwenye grupu, nawe uende na jibu hilo kichwani. Kama hayumo, wewe hukumtumia yeye kitu. Ulikuwa unamsema kwa watu wengine, na kifungu hicho kinazungumzia mawasiliano yanayokwenda kwa mtu kwa nia hiyo. Kama yumo, mwendesha mashtaka atakuwa na pa kushikia.

Kuna watu watakaokushauri useme ulikuwa unamtania. Kama ni watani kweli, Mchaga na Mpare kwa mfano, ungeweza kumwita mbwa mbele ya jeneza la mjomba wake na msiba mzima ukacheka. Lakini utani una uwanja wake na wanaoucheza wanajuana. Skrinishoti ikishafika Facebook haibebi uhusiano wenu. Inabeba maneno tu. Isitoshe, mtu haanzi utani kwa kudai hela za kisima.

Kipande cha kabila sitakutetea. Kifungu cha 18 cha Sheria hiyo ya Makosa ya Mtandao kinakataza kumtukana mtu kwa njia ya kompyuta (na simu yako, kwa tafsiri ya sheria, ni kompyuta) kwa misingi ya rangi, nasaba, utaifa, kabila au dini. Adhabu inaanzia faini ya shilingi milioni 3 au kifungo cha mwaka 1. Hapa huwezi kusema ulikuwa unadai uwazi wa michango. Kabila la mwenyekiti halikuchukua shilingi 20,000 ya mtu. Katika grupu la watu 180 mjini Morogoro, wapo wa kabila hilo waliochanga kama wewe na wanaosubiri kisima kama wewe, ukawatukana wote kwa mkupuo. Kama kuna maneno ya kujutia katika hayo uliyoyaandika, ni hayo.

Sasa mwiba wenyewe: "amekula hela zetu za kisima." Maneno matano, hayana tusi hata moja, unaweza kuyatamka kanisani. Na ndiyo yanayoweza kukugharimu kuliko mengine, kwa sababu yanadai tukio. Yanasema mtu fulani, anayejulikana, mwenye picha hapo juu, ametenda wizi. Msomaji akiyaamini, heshima ya mtu huyo imekwisha.

Kifungu cha 16 cha sheria hiyo ya mtandao ndicho polisi hukikimbilia katika mambo ya namna hii. Kinasema mtu anayechapisha katika mfumo wa kompyuta taarifa akijua kwamba ni ya uongo, ya kudanganya, ya kupotosha au isiyo sahihi, kwa nia ya kukashifu, kutishia, kutukana au kuupotosha umma, ametenda kosa. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili.

Rudi usome tena maneno "akijua kwamba". Utetezi wako wote uko hapo. Upande wa mashtaka hauwezi kuishia kuonyesha kwamba hela hazikuliwa. Unatakiwa kuonyesha kwamba wakati unaandika, wewe ulijua hazikuliwa na ukaandika hivyo hivyo. Kutojua kama jambo ni kweli si sawa na kujua kwamba ni uongo. Wewe ulikuwa na sababu za kuamini: mlichanga, miezi minane imepita, kisima hakipo, na nadhani hakuna aliyewasomea mapato na matumizi. Hizo hazithibitishi wizi, maana huenda hela ziko benki zinasubiri mkandarasi. Lakini zinathibitisha kwamba hukulitunga jambo ukiwa unajua ni uzushi, na tofauti hiyo katika kesi ya jinai ni kubwa kuliko inavyosikika.

Niseme pia ninachokiona kibaya katika kifungu hiki, maana ukikisoma mwenyewe utajiuliza. Neno "isiyo sahihi" limewekwa bega kwa bega na "uongo". Mtu aliyekosea tarakimu na mtu aliyebuni habari wanaingizwa mlango mmoja. Halafu ipo ile "isiyopungua". Sheria nyingi zinaweka dari, kwamba adhabu isizidi kiasi fulani, hakimu anapima chini yake. Hii imeweka sakafu. Hakimu akishakutia hatiani, hata akikuonea huruma namna gani, hesabu inaanzia milioni 5. Mwaka 2016, sheria ikiwa haijatimiza hata mwaka mmoja tangu ianze kutumika Septemba 2015, mahakama mjini Arusha ilimtia hatiani mwananchi mmoja kwa kumtukana Rais kupitia Facebook. Akapewa kuchagua: miaka 3 jela, au faini ya shilingi milioni 7. Kwa mtu wa kipato cha kawaida huko si kuchagua.

Arusha hiyo hiyo ndiko yaliko makao ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Desemba 2014, katika kesi ya mhariri wa Burkina Faso, Lohé Issa Konaté, aliyefungwa miezi 12 kwa kumwandika mwendesha mashtaka wa serikali, mahakama hiyo ilisema kumfunga mtu jela kwa kashfa kunavunja uhuru wa kujieleza, isipokuwa katika mambo mazito kama kuchochea mauaji au chuki. Ikaongeza kwamba wenye madaraka ya umma wanapaswa kuvumilia lawama kuliko raia wa kawaida. Majirani nao wamepita njia hiyo. Aprili 2016 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu ya Kenya, katika kesi ya Geoffrey Andare, alikifuta kifungu cha 29 cha sheria yao ya mawasiliano, kwa kuwa maneno kama "ya kuudhi mno" na "usumbufu" hayakuwa na maana inayoeleweka. Kila mtu angeyapima kwa kipimo chake. Na adhabu ya kifungu kile haikuzidi shilingi za Kenya 50,000 au miezi 3! Januari 2023 Mahakama ya Katiba ya Uganda nayo ikakifuta kifungu cha 25 cha sheria yao ya matumizi mabaya ya kompyuta, kilichohusu mawasiliano ya kuudhi.

Nakueleza haya ili ujue kwamba hoja ipo na imekubaliwa na majaji wakubwa, ila usiende kituoni na hukumu ya Nairobi mkononi. Haimfungi hakimu wa Morogoro. Na mlango wa ile mahakama ya Arusha umekuwa mwembamba kwetu: Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililokuwa linamruhusu mwananchi mmoja mmoja kuishtaki serikali pale moja kwa moja. Wanasheria wanaendelea kupigana na vifungu hivi katika mahakama za juu. Wewe una Jumatatu.

Kinachonikera zaidi ni hiki. Mwaka 2023 Bunge letu liliondoa jinai ya kashfa kwenye Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016. Mwandishi wa gazeti akimkashifu mtu leo, mahali pake ni kesi ya madai: mlalamikaji aende akadai fidia. Lakini kifungu cha 16 cha sheria ya mtandao, chenye neno "kukashifu" ndani yake, kimebaki. Yaani mlango uliofungwa kwa magazeti umeachwa wazi kwa simu. Mhariri mwenye gazeti linalouzwa nchi nzima anaweza kuwa salama zaidi na jinai kuliko muuza vitenge mwenye grupu la mtaa. Sijamsikia mtu akinieleza mantiki yake nikaridhika.

Sasa ushauri wa dada. Anasema ufute kila kitu. Ungeniuliza usiku ule ule, dakika tano baada ya kutuma, ningekuambia futa upesi, omba radhi, lala. Leo umeshaitwa na polisi. Kifungu cha 22 cha sheria ya mtandao kinakifanya kuwa kosa jingine kabisa kuharibu, kufuta, kubadili au kuficha data kwa nia ya kuzuia au kuchelewesha upelelezi, na adhabu yake inaanzia shilingi milioni 3 au mwaka 1. Fikiria: unaingia kituoni na kosa moja la kubishaniwa, unatoka na la pili lisilo na ubishi. Na unafuta nini? Watu 180 wanayo. Facebook ipo. Utakuwa umejifutia mwenyewe vitu vya kukutetea: siku uliyoambiwa uchange, ujumbe wa malipo, maswali ambayo watu waliuliza grupuni kwa miezi minane bila kujibiwa. Hayo ndiyo yanayoonyesha ulichokuwa unakijua usiku ule. Usiiguse simu. Usibadilishe laini, usitoke kwenye grupu, usii"reset" ikawa kama mpya. Wanaweza kuichukua, jiandae kwa hilo. Sheria inampa mkuu wa kituo mamlaka ya kutoa amri ya upekuzi na kukamata kifaa bila kupitia kwa hakimu. Ikichukuliwa, dai hati ya ukamataji yenye aina ya simu na namba zake, na uisome kabla ya kuisaini.

La pili la dada ni baya zaidi, na watu wengi wamejimaliza nalo: "Andika kwamba ulidanganya." Mwanangu, ukiandika sentensi hiyo umempelekea mwendesha mashtaka kitu pekee alichokuwa anakitafuta. Nimekuambia utetezi wako ni kwamba hukujua kuwa ni uongo. Ukijitangaza kuwa ulidanganya, umekiri kwamba ulijua. Hakuna tena kesi hapo, imebaki hukumu.

Radhi omba, tena mapema, lakini uombe radhi ya kweli. Tusi ulitukana, omba radhi. Kabila uliliingiza pasipo sababu; omba radhi bila "lakini" na bila "kama kuna aliyekwazika". Picha yake uliibandika. Sema haikuwa sawa. Kuhusu hela, sema kilicho kweli: kwamba hukuwa na uthibitisho wa kusema amezila, kwamba ulisema kwa hasira, kwamba unayaondoa maneno hayo, na kwamba swali la wanamtaa kuhusu michango yao lipo pale pale. Kabla hujaipeleka popote, mwonyeshe mwanasheria. Na usiipeleke wewe kwenye grupu. Mtafute mzee wa mtaa, shehe au mchungaji mnayemheshimu nyote wawili, aende naye kwa mwenyekiti. Makosa ya namna hii, ya ugomvi wa mtu na mtu, mara nyingi humalizika mlalamikaji anapokubali kusuluhishwa, ingawa jinai ikishafunguliwa ni mali ya Jamhuri na mwenyekiti peke yake hawezi kuifuta. Akikubali suluhu, iandikwe, isainiwe, nakala ifike kwa mpelelezi.

Hata jinai ikiisha, madai yanaweza kubaki. Mwenyekiti anaweza kukupelekea barua ya kusudio la kushtaki akitaka fidia ya kashfa. Huko kuna jambo watu hawalijui: kusema kweli peke yake si ngao kamili katika sheria yetu ya kashfa, inatakiwa pia iwe ilikuwa kwa manufaa ya umma kulisema jambo hilo. Kwa hela za kisima cha mtaa manufaa ya umma yapo tele. Kinachokosekana kwako ni uthibitisho.

Ungeandikaje basi? Nakuonyesha, maana kesho utachangishwa tena. "Mwezi wa Machi tulichanga shilingi 20,000 kila kaya. Leo ni Novemba. Kisima hakijachimbwa na hatujasomewa mapato na matumizi. Mwenyekiti, hela ziko wapi, na mkutano wa mtaa ni lini?" Hakuna kipande hapo ambacho huwezi kukithibitisha kwa risiti na kalenda. Na uniamini, kiongozi hukosa usingizi kwa maandishi ya namna hiyo kuliko kwa kuitwa mbwa. Ukimwita mbwa unampa nafasi ya kuwa yeye aliyeonewa, na hela za kisima hazizungumzwi tena. Ndicho kilichotokea kwako: mtaa mzima sasa unazungumza habari yako.

Wapo watakaokwambia siku nyingine utumie mafumbo. Watu wa Pwani tunajivunia sanaa hiyo. Mtu anavaa kanga yenye maneno, anapita mbele ya mlango wa mwenzake mara tatu, na ujumbe umefika bila jina kutajwa. Mahakamani fumbo halina kinga hiyo. Kinachoulizwa ni kama watu waliosoma walielewa anayesemwa ni nani. Ukiandika "kuna mheshimiwa mmoja mwenye kisima kisichotoa maji" kwenye grupu la mtaa wenu, watu 180 wote wanajua.

Ukiwa unashuku wizi kwa dhati, TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wapo, simu yao ya bure ni 113, na tangu mwaka 2015 ipo sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Malalamiko ya nia njema kwa chombo chenye kazi ya kuchunguza hayahesabiwi kama tangazo la kumchafua mtu. Maneno yale yale "nahofia hela zimeliwa" ukimwandikia mtendaji wa mtaa, diwani au TAKUKURU ni taarifa. Ukiyamwaga kwenye grupu ni tuhuma.

Kuhusu skrinishoti: usibweteke na wanaosema picha ya skrini si ushahidi. Ilikuwa mabishano zamani. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 imesema ujumbe wa kielektroniki haukataliwi kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Mahakama inapima ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa, kama haukuguswa, na kama mwandishi anatambulika. Hapo wakili wako ana kazi, maana picha iliyopita mikono mitano na kukatwa pembeni inahojika. Lakini hiyo ni hoja ya kesi ikishafika mahakamani. Usiende kituoni kukana namba yako ya simu ambayo mtaa mzima wanakupigia kununua vitenge.

Jirani wa "tumfuate kwake usiku" ana tatizo kubwa kuliko lako, kwa sababu huko ni kutishia usalama wa mtu. Dole gumba lako ndilo linalokuunganisha naye. Ukiulizwa, na kama ndivyo ilivyokuwa, eleza kwamba ulikuwa unakubali kufuatilia hela, hukuwa na mpango wa kumdhuru mtu, na kwamba hakuna aliyekwenda. Kama kuna aliyekwenda kweli usiku ule, usiseme neno lolote kituoni bila wakili.

Sasa Jumatatu. Nenda; usisubiri kuja kuchukuliwa. Nenda asubuhi, na mtu mzima mwenye kitambulisho na makazi yanayojulikana, kwa sababu makosa haya yana dhamana na atahitajika. Uulize unatuhumiwa kwa kosa gani na chini ya kifungu kipi, ukiandike. Mpelelezi atataka kuchukua maelezo ya onyo. Kabla hajaanza anapaswa kukueleza kwamba hulazimiki kusema chochote, na kwamba unaweza kumwita wakili, ndugu au rafiki awepo. Litumie neno hilo. Kunyamaza mpaka wakili afike si kiburi, ingawa utaambiwa hivyo. Ukiamua kueleza, jibu ulichoulizwa tu, usijaze. Epuka hasa kusema "nilijua" pale ulipomaanisha "nilidhani"; kwa kauli za kawaida tunayachanganya, na karani anaandika alichosikia. Usomewe maelezo yote kabla ya kusaini, na kila ukurasa usio na ulichosema urekebishwe hapo hapo.

Kama huna uwezo wa kulipa wakili, waulize ustawi wa jamii wa manispaa wakuelekeze kwa wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Huduma yao ni bure. Chukua risiti au ujumbe wa malipo ya michango, na majina ya wanamtaa wawili watatu waliouliza habari za kisima kabla yako, uende navyo.

Na yule aliyeipeleka skrinishoti Facebook, najua unamjua. Yeye naye amechapisha, tena kwa watu wengi kuliko wewe, na kusema "nimeipokea kama ilivyo" hakumtoi. Mweleze wakili wako jina lake. Yeye mwenyewe usimwandikie kitu.